Mume wangu ni mwigizaji wa kikundi cha mtaani: nyumba yetu na kalenda ya mwezi

Dada uliyeuliza, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Umesema mumeo amejiunga na kikundi cha maigizo hapa Kigoma, kwamba anarudi saa nne usiku, kwamba fedha yake huioni, na kwamba ndugu zako wanakushauri umtake achague moja kati ya kikundi na nyumba. Nimeishi na jambo hilo kwa miaka tisa. Ushauri huo wa kumchaguza mtu mawili nilipewa mimi pia, nikautumia, na matokeo yake yalikuwa karibu mwaka mzima wa kununiana, huku yeye akiendelea kwenda mazoezini kwa kisingizio cha kwenda msibani. Mtaa wetu ulikuwa na misiba mingi sana mwaka ule.

Ili unielewe, inanilazimu nieleze kazi zetu. Mimi nauza dagaa mwaloni Kibirizi. Nanunua alfajiri mitumbwi inapoingia, naanika, na jua likiwa zuri jioni nimeshafunga magunia. Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Kama ujuavyo, dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale tu ambapo kuna giza. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa kabla ya kurudi ziwani. Kikundi cha mume wangu kina wavuvi watano, na ndiyo sababu mazoezi yao makubwa yamepangwa siku za mbalamwezi, wakati watu wote wako nchi kavu. Siku hizohizo ndizo ambazo wenye boti huleta injini zao kufunguliwa na kusafishwa, maana hazina safari. Yaani wiki ambayo mume wangu angepata kazi nyingi kuliko zote ndiyo wiki ambayo alikuwa akifunga karakana saa tisa alasiri na kwenda kujifanya mzee wa ukoo katika darasa la shule ya msingi.

Hilo sikuliona kwa miaka miwili ya mwanzo. Nilichokiona ni mume anayechelewa, nami nikadhani, kama wewe unavyodhani bila kuandika waziwazi, kwamba kuna mwanamke. Siku nilipokaa na daftari langu la mauzo na kalenda ya ukutani ndipo nilipotambua kwamba ugomvi wetu wote mkubwa ulitokea mwezi ukiwa mpevu. Giza likitanda mimi ndiye sionekani nyumbani, kwani naamka saa tisa usiku na narudi nimechoka. Mwezi ukiwaka yeye ndiye haonekani. Tulikuwa tukipishana mlangoni kama walinzi wa zamu, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyeitupa nyumba.

Tulipolizungumza jambo hilo kwa hesabu badala ya hasira, lilipata dawa ambayo si kubwa wala ya ajabu. Aliweka kijana wa kumsaidia karakanani, akawaomba wenzake mazoezi yaanze baada ya Magharibi badala ya alasiri, na injini zilizopokelewa kabla ya mwezi kupevuka zikawa na siku yake ya kukabidhiwa ambayo haivunjwi na onyesho lolote. Mwongozaji wao alilalamika kwamba darasa halina umeme wa kutegemewa usiku. Nikamjibu kwamba watu wanaofanya mazoezi wakati wa mbalamwezi wanaweza kutoka nje uwanjani, na ndivyo wafanyavyo mpaka leo.

Sasa nikueleze jambo ambalo ndugu zako hawakukuonya, nalo kwangu lilikuwa zito kuliko saa za kurudi. Mwigizaji wa mtaani haishi mbali na hadhira yake. Watu waliomwona jukwaani Jumamosi ndio wanaokutana na mkewe sokoni Jumatatu. Mume wangu hanywi pombe hata tone, lakini katika igizo moja la kuhamasisha watu kupima virusi vya Ukimwi, lililochezwa tarehe 1 Desemba, alipewa uhusika wa mlevi anayeuza vyombo vya ndani. Alimwigiza vizuri mno. Kwa miezi kadhaa baadaye watoto walikuwa wakiniita mke wa Chapombe, mama mmoja wa makamo alinishika mkono mwaloni akaniambia nivumilie, na mwenye duka ambaye alikuwa akinikopesha sukari na mafuta bila swali alianza kuniuliza, kwa upole, kama baba watoto yu salama. Nilitaka kucheka, lakini ukiwa na watoto wanne na mvua imeharibu dagaa wako wa siku tatu, kunyimwa mkopo wa mafuta ya kula si kichekesho. Nilimwambia mume wangu akazungumze na mwenye duka yeye mwenyewe. Alikwenda, wakacheka sana, mkopo ukarudi. Tangu hapo akipewa uhusika wa mtu mwovu huniambia mapema, nami huwatangulizia habari wale ninaofanya nao biashara.

Halafu kuna mazoezi ya nyumbani. Tunakaa Gungu, chumba kimepakana na chumba, na ukuta hauzuii sauti. Usiku mmoja alikuwa akirudia maneno ya mume katili, nami nikimsomea sehemu ya mke kutoka kwenye karatasi huku nachambua mchele. Alipofika mahali pa kutishia kuua, mlango ukagongwa. Alikuwa mjumbe wetu na wazee wawili, mmoja ameshika fimbo. Tuliwaonyesha karatasi, wakazisoma kwa zamu chini ya taa, na mzee mmoja akasema mke katika igizo hilo anajibu kwa adabu kupita kiasi. Kesho yake mwongozaji aliyabadili majibu yale. Jambo la kufanya ni dogo: tuma mtoto kwa jirani awaambie kwamba leo kuna mazoezi.

Kuhusu wanawake wa kikundi, sitakudanganya kwamba sikuumia. Kumwona mumeo akimwita mwanamke mwingine "mke wangu" mbele ya umati wa Ujiji, na mama mkwe wako ameketi pembeni yako akinong'ona "astaghfirullah", kunahitaji kifua. Nilichofanya ni kwenda mazoezini, si kwa upelelezi, bali kwa kuketi na kutazama. Nikamkuta yule "mke" ni binti mshonaji ambaye baba yake alimruhusu kwa sharti la kurudishwa nyumbani na watu wawili, na ambaye aliacha kabisa mara alipochumbiwa. Vikundi vyetu hupoteza waigizaji wa kike hivyo kila mara. Nakushauri uende angalau mara moja, tena bila kutoa taarifa.

Fedha nayo isikuchukulie muda mrefu. Hawa si waajiriwa. Posho hupatikana wanapoitwa na halmashauri au mashirika kwa siku maalumu, kama Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni au Nane Nane, na ikigawanywa kwa watu kumi na wanne, ikatolewa nauli na kukodi kipaza sauti, kinachofika nyumbani ni fedha ya mboga. Mume wangu alipenda kunikumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia za Shakespeare akiwa kiongozi wa nchi. Nikamwambia kwamba Mwalimu hakuwa akidaiwa vipuri. Tulikubaliana kwamba kutoka nyumbani kwenda kwenye kikundi haitoki fedha yoyote isipokuwa nauli, na posho ikija ni yake. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, mimi sikuwa na dagaa wabichi wa kuanika wala yeye hakuwa na injini za kufungua, na posho mbili walizopata kipindi kile zilinunua unga wetu. Ni mara moja tu katika miaka tisa, usije ukazipigia hesabu.

Jambo la mwisho ni maleba. Kikundi hakina fedha za mavazi, kwa hiyo maleba hutoka kwenye makabati ya wake. Andika kila kinachotoka, pamoja na tarehe. Doti yangu ya khanga ya harusi ilichukuliwa kwa ajili ya onyesho moja tu, ikavaliwa na bibi harusi, kisha ikamfunika marehemu katika igizo jingine, na mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa pazia la jukwaa. Nimeidai mara tatu. Mwongozaji anasema ataileta mwezi ukipevuka.