VS Code kwenye flashi bila kusakinisha

Sheikh, umeuliza utabebaje VS Code, ile programu ya kuandikia programu za kompyuta, kwenye flashi, maana kompyuta za kafe hapo Chake Chake hazikubali kusakinisha kitu. Mbona rahisi! Usipakue faili la kusakinisha, chukua lile la ZIP, yaani lililobanwa. Lifungue ndani ya flashi, kisha pale pale ilipo Code.exe tengeneza folda tupu, uiite data. Basi. Mipangilio na viendelezi (nyongeza za VS Code) vyako vyote vitakaa humo, havibaki kwenye kompyuta ya watu. Likitoka toleo jipya, pakua ZIP yake, uihamishie data ile ile. Ila Python, ile lugha ya kuandikia programu, haimo, hiyo uitafute kivyake, nayo ipo ya ZIP. Na flashi ukirudi nayo nyumbani ikague virusi kwanza; kompyuta za kafe hazina adabu.