Ruzuku Ikipungua Kijijini, Linda Usimamizi Kwanza

Bajeti ya halmashauri ya wilaya ikibanwa, watumishi hawaondoki, kwa sababu mishahara yao mingi hulipwa na Hazina. Kinachokatwa ni matumizi mengineyo: mafuta, posho, shajala. Ndiyo maana kijiji cha pembezoni mwa Bahi au Chemba kinaweza kumaliza mwaka wa fedha bila kumwona mhandisi, ingawa yupo ofisini kila siku.

Basi, viongozi wa kijiji, msikae kungoja ukaguzi. Halmashauri ya Kijiji ipitishe lita za mafuta ya pikipiki kwenye muhtasari, yanunuliwe kwa stakabadhi (si fedha mkononi), na mhandisi akija akague msingi wa darasa, choo na kisima siku hiyohiyo.

Fedha nyingi hupotea kwenye maboma, yaani majengo yaliyosimama kuta bila paa. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Wananchi wanashika fedha baada ya mavuno, kuanzia Juni. Serikali nayo inaanza mwaka wake Julai 1, na fedha za maendeleo zinaweza kuchelewa miezi. Hapo kijiji kinanyanyua maboma matatu kwa mpigo kikitegemea kuezekewa. Mvua inapiga juu ya ukuta ulio wazi, udongo uliounganisha tofali unalainika, nyufa zinaanzia pembe za madirisha, na mwaka unaofuata mnabomoa kozi (safu za tofali) mlizolipia. Jengeni boma moja. Ikifika Oktoba hamna mabati, zibeni kozi ya juu kwa lipu ya saruji yenye mteremko kidogo, maji yasituame.

Kila tripu ya mchanga, kila pipa la maji na kila siku ya nguvukazi viandikwe kwenye daftari pamoja na thamani yake kwa shilingi. Ombi la umaliziaji lenye hesabu hiyo na muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji ni gumu kuliweka kando.

Ukata huleta pia kishawishi kwenye geti la ushuru. Tangu 2017 ushuru wa mazao ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiofika tani moja hautozwi ukivuka kwenda halmashauri nyingine. Mwenye magunia matano ya mahindi anayepeleka Kibaigwa aachwe apite. Kumkamua huyu ni dhuluma, hata kama ofisi haina karatasi.

Wala msile fedha mbichi. Makusanyo yaende benki kwanza, ndipo yatoke kwa hati ya malipo. Anayeanza kwa kununua wino kutoka kwenye makusanyo ya mnadani hukwama mkaguzi akiomba kulinganisha risiti na taarifa ya benki.

Mapato na matumizi yasomwe mkutanoni kila miezi mitatu, hata robo ambayo halmashauri ya wilaya haikurejesha kijijini shilingi. Someni sifuri hiyo kwa sauti, iingie kwenye muhtasari, nakala iende kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkurugenzi. Diwani atakuwa na karatasi ya kushika anapodai kwenye Baraza la Madiwani.