Madogo wa dyuti, kabla hamjafungua modeli ya meli iliyokwama

Sisi ni timu ya nchi kavu, tunahesabu kama meli iliyopata ajali itaelea na itahimili. Nimewaangalia kwenye drili kadhaa, sasa nimeshindwa kunyamaza. Imeili inaingia, meli imepanda mwamba, na kabla hata hajaisoma mpaka mwisho mtu kashafungua modeli ya kompyuta anatoboa matanki ya kwenye skrini kama kuna zawadi ya wa kwanza. Najua kanuni ya 37 ya Kiambatisho cha I cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, inataka tanka (meli za mafuta) za DWT 5,000, yaani za kubeba tani 5,000, na kuendelea ziweze kupata hizi hesabu kutoka nchi kavu haraka, ila hakuna kanuni iliyokataza mtu kusoma imeili yote. Programu haijawahi kuwa tatizo letu jamani. Tatizo ni mnachoilisha.

1. Hali ya upakiaji mnayotumiwa mara nyingi ni ya siku ya kuondoka bandarini. Toka siku hiyo meli imechoma mafuta, imekunywa maji, pengine imebadilisha na balasti (maji ya kuipa meli uzito) njiani. Ombeni hali ya muda mfupi kabla ya ajali. Wakisema hawana, itengenezeni wenyewe na muandike wazi kwamba ni makadirio.

2. Ulizeni maji ya wapi. Kwenye mto wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ukiweka densiti ya bahari 1.025 badala ya 1.000, meli ya tani 60,000 umeshaipotosha kwa tani 1,500 hivi. Tuendelee.

3. Saa. Kila namba iwe na saa yake, na saa iwe UTC. Hapa mnivumilie, maana hili linaniuma mpaka leo.

Ilikuwa dyuti ya usiku, bulka (meli ya shehena isiyofungashwa) imepanda matumbawe kwa omo, yaani mbele. Chifu ofisa akanitumia drafti (kina ambacho meli imezama majini), za omo kazisoma muda mfupi baada ya kukwama, maji bado yamejaa. Za tezi, yaani nyuma, hakuweza kuziona gizani, akasubiri alfajiri mpaka ikapatikana boti ya kuzunguka, na wakati huo maji yameshakupwa. Saa zote aliziandika, maskini ya Mungu, chini kabisa ya imeili. Mimi nikachukua namba nikaacha saa. Nikazipanga kwenye modeli kana kwamba mtu mmoja kazisoma zote kwa mpigo.

Sasa angalieni kinachotokea, namba nazilainisha ili mfanye kichwani. TPC, yaani tani za kuizamisha meli sentimita moja, tuseme 50. Maji yakiwa yamejaa, omo imepanda sentimita 60 na tezi imezama 20, wastani umepungua 20, kwa hiyo mwamba umebeba tani 1,000. Maji yakikupwa omo imepanda 140, tezi imezama 50, wastani umepungua 45, mwamba umebeba tani 2,250. Mimi nikachukua omo ya maji kujaa na tezi ya maji kupwa, 60 kwa 50, wastani sentimita 5. Tani 250! Namba ambayo haikuwepo saa yoyote ya usiku ule.

Na programu ilinionya, hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Kwa trimu ile (tofauti ya drafti za omo na tezi) na tani chache vile, mahali pa kugusa mwamba palitoka mbele kabisa ya omo, nje ya meli, kwenye maji matupu. Mwamba haukai hewani. Badala ya kusimama nikajisemea ah, haya mambo ya raundi tu, nikaivuta ile pointi kwa mkono nikaikalisha chini ya foripiki, tanki la omoni kabisa, modeli ikatulia, grafu ikapendeza, nikatuma. Kwenye matumbawe unakadiria nguvu ya kuvuta kuwa 0.5 mpaka 0.8 ya uzito uliobebwa, kwa hiyo nikawaambia tani 200 za kuvuta zinatosha, kumbe kwa maji yaliyojaa ilitakiwa 500 mpaka 800. Maji yalipojaa tena tagi (boti za kuvuta meli) zikavuta. Meli haikutoka, ilizunguka tu pale pale ilipokalia, na tanki la daboboto (kati ya sakafu mbili za chini ya meli) lililokuwa kavu usiku kucha likaanza kuonyesha maji. Hakuna aliyeumia na mafuta hayakumwagika. Ila nilimpigia simu salveji masta (mkuu wa kuikwamua meli) mwenyewe nikamwambia hesabu ni yangu na imekosewa wapi, akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, "Saa zilikuwa kwenye imeili?" Zilikuwepo.

Kwa hiyo ukiniona nimesimama nyuma ya kiti chako nauliza hii drafti ya saa ngapi, usidhani nakuonea.

4. Sauningi, yaani kipimo cha maji ndani ya tanki. "Limejaa" si jibu, nipe mita, na nipe usawa wa maji ya nje saa hiyo hiyo. Kisha rudieni baada ya muda. Tanki ambalo maji yake yanapanda na kushuka pamoja na bahari limetoboka, hilo mnalitoa kwenye uelezi (nguvu ya meli kuelea), hamliongezi kama mzigo. Nimeshaona mtu kafanya yote mawili kwa tanki moja. Wazee walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na sisi ndivyo kabisa, mtazunguka na momenti za kupinda (nguvu zinazoukunja mwili wa meli) na GM (kipimo cha meli kutopinduka) mtarudi kwenye sauningi.

5. Msikimbilie kuikwamua. Kapteni yeyote kitu cha kwanza anachotaka ni kurudisha injini nyuma, na mimi namwelewa. Swali lenu ni hili: ikitoka hapo, itaelea? Na itaelekea wapi? Tanka Sea Empress mwaka 1996 pale Milford Haven iligonga, ikatoka, halafu katika siku zilizofuata ikagonga tena na tena, mwisho wake ni tani kama 72,000 za mafuta ghafi baharini, sehemu kubwa baada ya kile kishindo cha kwanza. Wakati mwingine ushauri bora ni kuongeza balasti ili meli ikae, isisukumwe juu zaidi, huku mkisubiri bamvua, siku maji yanapojaa sana. Ever Given pale Suez mwaka 2021 ilichimbiwa mchanga na kuvutwa siku kadhaa, ikaja kutoka tarehe 29 Machi bamvua ikiwa imepanda. Ila kama imekwama kwenye kilele cha bamvua na yanakuja maji mafu, siku ambazo kujaa ni kudogo, mwambieni mapema, asikae anahesabu saa bure. Na hesabuni GM ya maji kupwa, si ya sasa hivi, maana mwamba ukibeba zaidi GM inaliwa kama mlivyofanya kwenye hesabu za meli inayokalia doki kavu.

6. Simu. Kapteni hajalala, ana kampuni, klasi (wakaguzi wa uimara wa meli), bima na mamlaka wote wanampigia. Ulizeni maswali yote kwa mkupuo mmoja. Na msimwambie atulie, Mungu wangu, yule juzi kwenye drili aliyemwambia "kapteni tulia kwanza" naomba anitafute.

Drili ijayo nitatuma drafti zilizosomwa saa tofauti. Saa zitakuwa chini kabisa ya imeili.