Bega Lililoganda Halitaki Kulazimishwa

Wanafunzi wangu wa darasa la tano waligundua tatizo kabla yangu. Maandishi yangu ubaoni yalikuwa yakishuka wiki hadi wiki, hata wale wa madawati ya nyuma wakawa wanasimama ili wasome, nami nikaendelea kuamini kwamba ni uchovu. Usiku niliamka kila nilipolalia upande wa kulia, nikausingizia mto. Nilikubali kwamba ninaumwa siku niliposhindwa kufunga zipu ya gauni, kwani mkono uliishia kiunoni ukagoma kupanda mgongoni.

Kosa nililofanya, ambalo ninamsihi msomaji alikwepe, ni kwenda kuchuliwa. Mchuaji alinipaka mafuta ya moto, akauvuta mkono juu kwa nguvu huku akinihimiza nivumilie, eti mishipa imejikunja. Kwa wiki mbili zilizofuata sikuweza hata kujichana nywele.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwona baadaye hakuvuta chochote. Alinikalisha, akakibana kiwiko changu ubavuni, kisha akajaribu taratibu kuuzungusha mkono kwenda nje, kama mtu anayefungua mlango. Ulikwama karibu palepale. "Umeona, mama? Nimeusukuma mimi, wewe umetulia, na bado umekataa." Hiyo ndiyo alama kubwa ya bega lililoganda: katika maumivu mengi mengine ya bega, mgonjwa akishindwa kuuinua mkono, mtu mwingine huweza kumwinulia, lakini hapa kiungo chenyewe kimefungwa, kwa sababu kifuko kinachokizunguka kimevimba, kikawa kinene na kusinyaa. Picha ya eksirei kwa kawaida haionyeshi kasoro, na yangu haikuonyesha. Aliniagiza pia nipime sukari, kwa kuwa ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kwa wingi zaidi. Yangu ilikuwa juu, wala sikuwa na habari.

Bega hupita awamu tatu: miezi ya maumivu makali, ambapo linaanza kukaza, miezi ya kuganda, ambapo maumivu hupungua ila mkono hauendi, kisha kulegea polepole. Safari nzima huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Ninazitaja awamu hizi kwa sababu zoezi linalofaa katika moja huweza kukuumiza katika nyingine.

Katika miezi ya maumivu nilifanya machache tu. Nililikanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto kwa dakika 10, nikainama nikiegemea meza kwa mkono mzima, nikauacha ule mgonjwa uning'inie kama ndoo kwenye kamba ya kisima, kisha nikaubembeza mbele na nyuma na kuuzungusha duara dogo. Nilitumia dakika mbili tatu, mara nne kwa siku. Kipimo nilichopewa kilikuwa rahisi: maumivu yakitulia muda mfupi baada ya zoezi, endelea, yakikesha nawe, kesho punguza. Daktari alinichoma pia sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kiungoni, iliyonirudishia usingizi, ingawa mwenye kisukari hana budi kupima sukari kila siku baada ya kuchomwa, maana hupanda kwa siku kadhaa.

Maumivu yalipopungua, ndipo mpini wa ufagio ulipoingia. Nililala chali, viwiko vikiwa ubavuni, nikaushika kwa mikono yote miwili, na mkono mzima ukausukuma mwenzake kwenda nje. Zoezi la kuvuta taulo nyuma ya mgongo lilikuja mwisho kabisa, na silishauri mapema hata kama limemsaidia jirani yako.

Zoezi nililolipenda ni la kuvikweza vidole ukutani kama buibui, nikiweka alama ya penseli kila Jumapili. Kuna mwezi mzima alama zilirundikana mahali pamoja, nikakaribia kuacha. Mwanangu alipotaka kuupaka rangi ukuta huo wa jikoni, nilimkatalia. Alama ya chini iko usawa wa swichi ya taa, na ya juu imeipita rafu ya sufuria. Zipu ya gauni bado ninafungiwa na binti yangu, ila ubaoni ninaanza kuandika kutoka juu.