Ritifaa yageuka kisanduku karatasini

SWALI: Assalaam aleikum. Nasomesha skuli hapa Wete. Nikiandaa mtihani kwa Word, maneno kama "ng'ombe" na "Ng'ambo" huonekana sawa kwenye kioo cha kompyuta, lakini karatasini ritifaa hutoka kisanduku kitupu. Fundi amefuta draiva ya printa, yaani programu inayoiongoza, na kuiweka upya, na hali ni ile ile. Nifanyeje? – Mwalimu, Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Mafundi wetu wengi hukimbilia kufuta draiva, hata pale ambapo draiva ni nzima na kilichohitaji kuguswa ni mipangilio yake tu. Unapobonyeza ritifaa, Word huiondoa papo hapo ile iliyonyooka, yenye namba 39 katika ASCII, mpangilio wa zamani wa kuzipa alama 128 namba kwenye kompyuta, na kuweka iliyopinda, ambayo haimo kabisa katika ASCII. Kioo huionyesha bila taabu kwa kuwa fonti ya kompyuta inayo. Lakini baadhi ya draiva, ili kazi itoke haraka, huiacha fonti hiyo na kutumia iliyohifadhiwa ndani ya printa yenyewe, na hiyo ikiwa haina alama iliyopinda, ndipo unapopata kisanduku.

Kwa hiyo hifadhi mtihani kama PDF, kisha uchape kwa kuchagua ichapwe kama picha. Ritifaa ikitoka salama, tatizo ni fonti za printa. Ingia katika mipangilio ya draiva, sehemu ya fonti, uagize fonti zitumwe kutoka kwenye kompyuta. Draiva isiyo na chaguo hilo ibadilishwe kwa ya aina nyingine ya printa hiyo hiyo, kwa mfano ya PostScript badala ya PCL (hizo ni lugha mbili za kuiamuru printa), iwapo printa inaikubali. Kuchapa kama picha kila siku sikushauri, kwa sababu printa ya zamani yenye kumbukumbu ndogo huenda pole mno.

Kama mtihani ni wa kesho asubuhi, zima katika masahihisho ya kiotomatiki ya Word kile kipengele kinachopinda alama za kunukuu, kisha bonyeza Ctrl na H kufungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, andika ritifaa katika nafasi zote mbili, na ubadilishe zote kwa mara moja.

Ikiwa siku moja utaona "ng’ombe", hayo ni maradhi mengine: faili limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo mmoja wa kuandika herufi kwa namba za kompyuta (baiti), ambamo ritifaa iliyopinda huchukua baiti 3, nalo linasomwa kwa mfumo mwingine, Windows-1252, ambao huhesabu kila baiti kuwa herufi moja peke yake.