Jibu la Kifo Nililipata Kwenye Tundu la Pweza

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia usiku wa manane. Amemzika baba yake mwezi huu, na swali lake lilikuwa fupi: kama mwisho wa yote ni kaburi, ya nini kuamka alfajiri kuhangaika? Sikumjibu siku ile. Swali hilohilo lilininyima usingizi mwaka mzima baada ya mama yangu kufariki, na majibu niliyopewa matangani yalinichosha. Leo nakujibu, mdogo wangu, wewe na wenzako mnaonisoma mkiwa na hamu ya kufika mbali kimaisha.

Mama alikuwa akichokoa pweza, kusini mwa Pemba. Siku za bamvua, maji yakitoka mpaka mwamba ukaonekana, alijifunga kanga kiunoni, akashika mchokoo, nami nyuma na pakacha. Tundu lenye pweza alilitambua kwa taka za mlangoni, maganda ya kaa na makombe yaliyotupwa nje. Siku moja, nilikuwa na miaka tisa hivi, alisimama kwenye tundu ambalo nje yake hapakuwa na ganda hata moja, na mlango umezibwa kwa vijiwe. Akatoa kijiwe kimoja, akaniita nichungulie. Ndani vilining'inia vishada vya vitu vyeupe mithili ya punje za mchele, na pweza amevikumbatia.

"Huyu hali kitu," aliniambia. "Anayaatamia mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha anakufa."

Akakirudisha kijiwe mahali pake, tukaondoka. Pakacha lilikuwa nusu, na usiku ule nilimnung'unikia kwa sababu ya kitoweo. Siku hizi vijiji kama Kisiwa Panza hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue na kuzaa. Mama alifunga tundu mojamoja, kwa mkono wake, bila kuambiwa na mtu.

Nilikuja Dar es Salaam nikiwa kijana. Miaka ya kulala dukani naiacha. Ninachotaka ujue ni kwamba nilifanikiwa, na sioni haya kusema hivyo. Meza moja ya vitambaa Kariakoo ikawa duka, duka likawa mawili. Mama akipiga simu kuuliza, "Mwanangu, na bamvua hili huji?" nilimtumia pesa. Nilimjengea nyumba ya matofali. Kila mwezi pesa ilifika, mimi sikufika.

Alipougua nilikuwa na kontena bandarini. Nikawaambia ndugu zangu kwamba Ijumaa nitapanda boti. Alifariki Jumatano, akazikwa siku hiyohiyo. Nilipofika nilikuta mchanga wa kaburi bado mbichi. Mtu mmoja wa karibu akasema mbele ya watu, "Tajiri amefika." Nimemsamehe, lakini neno lile mpaka leo naamka nalo.

Baada ya arobaini nikaanza kusoma habari za pweza, sijui nilitafuta nini. Nikakuta kwamba mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, Jerome Wodinsky, aliwapasua pweza majike waliokuwa wakiatamia, akawatoa tezi mbili zilizo karibu na macho. Wakaanza kula tena, wakanenepa, wakaishi muda mrefu zaidi. Lakini mayai waliyatelekeza. Tezi inayomfunga jike kwenye mayai yake ndiyo hiyo inayomwua. Niliisoma sentensi ile nikiwa dukani, nikamwambia kijana wangu wa kazi ateremshe mlango, nikalia. Niliyekatwa tezi nilikuwa mimi.

Kuna na mwingine, pweza wa kina kirefu huko California, umbali wa mita 1,400 chini ya maji. Watafiti walimkuta juu ya mayai yake mwaka 2007, wakawa wanarudi kumtazama, naye yuko palepale mpaka 2011. Miezi 53! Walimsogezea vipande vya kaa, hakugusa.

Sasa, kwa nini tunakufa? Ni amri ya Mungu, ndivyo nilivyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani na ndivyo ninavyoamini. Lakini namna amri hiyo inavyopita mwilini imechunguzwa pia. Peter Medawar wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1952, nami nalisema kwa lugha yangu: ubovu unaomwua kiumbe kabla hajazaa hufa pamoja naye, ila ule unaongoja mpaka amezaa huwa umekwisha kurithiwa. Vizazi kwa vizazi maradhi ya uzee hupita hivyo, hakuna chekeche la kuyazuia. Kwa hiyo baba yako, mdogo wangu, hakuonewa. Mwili aliokupa wewe ndio huohuo uliomchosha yeye.

Ushauri wangu basi ni huu: yajue mayai yako ni yapi, ukayaatamie. Usiniambie kwamba bado unatafuta maisha, mimi nimeyasema hayo miaka kumi na tano. Atakayekufa ni wewe na atakayekufa ni mama yako, na hakuna kontena litakaloahirisha. Kama mzazi wako yu hai, nenda. Kama umetuma pesa, umefanya vyema, lakini nenda. Kama huna mzazi, yupo mtoto, yupo mwanafunzi, lipo shamba. Lipo jambo ambalo ukilitelekeza litaharibika. Likalie hilo, hata likikukondesha.

Duka moja nimeliuza. Watu wa sokoni walinishangaa, waache. Bamvua lililopita nilikwenda mwambani na binti yangu, na mchokoo wa bibi yake. Aliliona mwenyewe tundu lililozibwa kwa vijiwe, akaniuliza mbona hakuna maganda nje. Nikampa nafasi atoe kijiwe kimoja, achungulie, kisha akirudishe.

Na wewe, umeniandikia jinsi baba yako alivyokufa. Hukunieleza alipoamka alfajiri alikuwa akienda kufanya nini. Niandikie hilo.