Maswali na majibu: Ndege ndogo inapoishiwa mafuta angani

Swali: Rubani anawezaje kuishiwa mafuta ilhali geji iko mbele ya macho yake?

Jibu: Geji za ndege ndogo si za kuaminiwa kiasi hicho. Nyingi hutegemea boya linaloelea ndani ya tangi. Ndege ikilala upande au ikirushwarushwa na upepo, mshale nao unacheza. Tena si kila tone lililomo tangini hufika kwenye injini: Cessna 172S hubeba galoni 56 za Marekani, lakini zinazotumika ni 53 tu. Kwa hiyo rubani makini hufungua kifuniko cha tangi na kupima kwa kijiti kabla ya kuruka, na akishapaa hufuata saa yake. Akijua alianza na kiasi gani, injini inakula kiasi gani kwa saa na ameruka muda gani, hesabu inayobaki ni ya mtoto wa shule ya msingi. Geji ni shahidi wa pili. Ila ikionyesha kidogo kuliko hesabu yako, isikilize geji, ukatue.

Swali: Bila shaka wanaopatwa na haya ni wanafunzi?

Jibu: Wala. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa tahadhari mwaka 2017: kwa wastani zaidi ya ajali 50 kwa mwaka nchini humo zilitokana na usimamizi mbaya wa mafuta. Wanafunzi walikuwa asilimia 2 tu ya marubani waliohusika. Karibu nusu walikuwa na leseni za kurusha ndege kibiashara au za mashirika. Mwanafunzi anaogopa, na mwalimu wake anamkagua. Mzoefu amefika salama mara nyingi mno.

Swali: Basi si wajaze tangi pomoni kila safari, yaishe?

Jibu: Uzito haukubali. Lita moja ya petroli ya ndege ina takriban kilo 0.72, hivyo lita 200 ni kilo 144, sawa na watu wazima wawili. Ndege nyingi za viti vinne, ukizijaza watu wanne na mafuta pomoni, zinapita uzito unaoruhusiwa. Lazima kitu kipungue. Kupunguza mafuta si kosa, mradi upange kituo cha kuongeza njiani. Kosa ni kuyapunguza kisha kuomba hali ya hewa ikupendelee. Mimi ningeacha mizigo, na ikibidi abiria mmoja, hata akinuna.

Swali: Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo, upepo unaompinga akienda si utamsukuma akirudi? Kwa nini auhesabu?

Jibu: Haufidii, na wengi hawaamini mpaka wapige hesabu. Chukua kiwanja kilicho kilomita 200 na ndege inayokwenda kilomita 200 kwa saa. Bila upepo, kwenda na kurudi ni saa 2 kamili. Sasa weka upepo wa kilomita 50 kwa saa. Akipingana nao anabaki na mwendo wa 150, na safari inachukua saa 1 na dakika 20. Akirudi anapata 250, dakika 48. Jumla ni saa 2 na dakika 8, kwa sababu amekaa muda mrefu zaidi kwenye upepo mbaya kuliko kwenye ule mzuri. Hapo utabiri umekuwa sahihi, na hajazunguka wingu hata moja. Ndiyo maana mafuta hupangwa kwa dakika, si kwa kilomita.

Swali: Mbona kuna ndege zimeanguka zikiwa bado na mafuta?

Jibu: Tangi moja linaweza kukauka huku jingine lina mafuta, na rubani asipogeuza kwa wakati koki inayochagua tangi, injini inazima. Mwanamuziki John Denver alikufa hivyo tarehe 12 Oktoba 1997, ndege yake aina ya Long-EZ ilipoanguka baharini huko California. Koki ilikuwa imewekwa nyuma ya bega lake la kushoto. NTSB ilihitimisha kwamba alipojipinda kuifikia, alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia na ndege ikamshinda. Pia ilitaja kama chanzo kushindwa kwake kuongeza mafuta kabla ya kuruka. Angeyaongeza, huenda asingelazimika kuigusa koki ile.

Swali: Sheria inataka akiba ya kiasi gani?

Jibu: Marekani, kwa ndege inayoruka kwa kuona nje, ni dakika 30 mchana na 45 usiku, baada ya kufika uendako. Kwangu hizo ni chache; saa 1 inampa rubani nafasi ya kukuta kiwanja kimefungwa na kwenda kwingine bila kutokwa jasho. Akiona atatua chini ya akiba inayotakiwa na sheria, atangaze dharura kwa waongoza ndege mapema, injini ikingali inanguruma.

Swali: Wachunguzi wanajuaje kwamba mafuta yaliisha?

Jibu: Huanza na pua. Matangi yakiwa mazima, makavu, hakuna harufu ya petroli wala majani yaliyonyauka kwa kumwagikiwa, dalili zinaelekea huko. Kisha huangalia propela: iliyokuwa inazungushwa na injini hupinda na kukwaruzika kwa namna yake, tofauti na iliyosimama. Mwisho hutafuta stakabadhi ya mafuta ya mara ya mwisho, na kuhesabu saa zilizorukwa tangu siku hiyo.